Kidole Kilichohama Mkono

Naanza na yule msomaji aliyenitumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Huna haya." Ndugu yangu, haya ninayo. Ilichelewa njiani, na ilipofika ilinikuta nimeshakula kiapo.

Kwa anayenikuta leo kwenye safu hii, mimi ni mchoraji. Wananiita Brashi. Nachora michezo, hasa mpira, maana mtu atanunua picha ya timu yake hata kama hana ukuta wa kuitundika.

Picha iliyonitoa kimaisha ni ya kipa wa zamani tuliyemwita Sumaku. Yuko hewani, ametupa mgongo, mikono imenyooka juu, na mpira unamgusa ncha za vidole. Ni shuti la dakika ya mwisho kwenye fainali ambayo kila mtu wa rika langu anaikumbuka. Sumaku hakuwahi kuvaa glavu maishani mwake. Mpira ulikuwa unamganda mikononi, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Niliiuza kwa mwenye duka la vifaa vya michezo. Tumwite Mzee Fulana. Akaitundika juu ya kaunta, nami nikawa napita dukani kwake bila shughuli, niione tu. Miezi michache baadaye nikaikuta picha yangu inatembea barabarani vifuani mwa watu. Alikuwa ameichapa kwenye fulana, mamia kwa mamia, bila kuniuliza. Nikamshitaki.

Wakili wangu ni mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Siku ya kwanza aliniambia: "Ulimuuzia mbao, kitambaa na rangi. Haki ya kuinakili hukumuuzia. Kununua picha si kununua haki ya kuichapa." Nikaipenda sentensi hiyo. Nikaizungusha mtaa mzima kama nimeitunga mimi.

Kisha akaniuliza swali moja dogo: "Uliichora kwa kuangalia nini?"

Nikasema, kwa macho yangu. Siku ile nilikuwa uwanjani, nimekaa nyuma ya goli. Akaandika hati ya kiapo, nikaapa, nikatia saini.

Uongo mtupu. Niliinakili kutoka kwenye picha aliyoipiga shemeji yangu, mume wa dada aliyenilea. Picha hiyo imening'inia sebuleni kwao tangu nina miaka kumi na saba. Sikumwomba na wala sikumwambia.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye korido ya mahakama. Sumaku mwenyewe, aliyekuja kuwa shahidi wetu, alikuwa ameinama mbele ya picha yangu, iliyoletwa kuwa kielelezo, miwani imemteleza puani, akisema polepole: "Huu mkono si wangu."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kikavu hadi mwenyewe nikakiogopa.

"Si wako vipi, mzee?"

"Angalia." Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje. "Hiki nilikivunja nikiwa bado mgeni kwenye timu. Tangu hapo mpaka nastaafu, sijaingia uwanjani bila kukifunga plasta pamoja na mwenzake. Cha kushoto. Wewe umenifunga cha kulia."

"Ni uhuru wa msanii," nikasema.

"Uhuru wa kunihamishia kidole?"

Wakili wangu akacheka. Nami nikacheka tena. Asiyecheka alikuwa kijana mwembamba aliyesimama hatua tatu nyuma yetu na kikombe cha chai, akijifanya anasoma tangazo ukutani. Huyo ndiye wakili wa Mzee Fulana.

Chai yake hakuimaliza.

* * *

Kizimbani Sumaku alianza vizuri mno. Alisema sura ya mtu ni mali ya mtu. Alisema mimi, kabla ya kuichora picha ile, nilimwandikia barua ya heshima kumwomba ruhusa, naye akanikubalia kwa maandishi. Mzee Fulana, akasema, hakuja hata kumsalimia.

Hakimu alinitazama kwa jicho zuri. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Msomaji, sikia hilo vizuri. Nilimwandikia barua mtu nisiyemjua, kwa kuwa ana jina. Mtu niliyekula mezani kwake miaka tisa nikamruka.

Kijana mwembamba akasimama.

"Shahidi, picha hii ni yako kweli?"

"Ni mimi," akasema Sumaku. "Ila kidole kimehama mkono."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu naye alitabasamu, lakini kalamu yake haikutabasamu. Iliandika.

"Mheshimiwa," kijana akaendelea, "mlalamikaji ameapa kwamba alimchora mtu aliyemwona kwa macho. Mtu wa hivyo atakosea pua. Atakosea rangi ya bukta. Lakini hapa plasta imechorwa mpaka mikunjo yake, kidole kwa kidole, halafu mkono ndio usio wake? Tunaamini mlalamikaji alikuwa na picha ya kamera mbele yake. Tunaomba aseme ni ya nani."

Na nitawaambia jambo la ajabu: hata mimi nilikuwa sielewi. Mimi sibuni, nanakili. Namna yangu ya kazi ni kuigawa picha ndogo kwa miraba ya penseli, kisha kukigawa kitambaa kwa miraba mikubwa, halafu nahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Kila kidole nilikihesabu. Kidole kingehamaje?

Hakimu akaahirisha kesi hadi Alhamisi.

Wakili wangu alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye ngazi za nyuma, pale wafagizi wanapoanika matambara yao.

"Niambie sasa. Kulikuwa na picha?"

"Hakukuwa."

"Nitazame."

Nikamtazama. Uso wangu ni mkavu ninapoutaka uwe mkavu, nao ndio ulionifikisha hapa.

"Kama ipo, ni heri nijue leo," akasema. "Aliyebonyeza kamera ndiye mwenye haki ya picha yake. Ukiichora bila ruhusa yake ukaiuza, umemfanyia kilekile alichokufanyia Mzee Fulana. Na wewe juu yake umeapa. Kesi itageuka, tena itakugeukia vibaya. Watu wanafungwa kwa kiapo cha uongo."

"Na kama mtu angeomba ruhusa mapema?" nikauliza, nikijitia naulizia rafiki.

"Karatasi moja, saini mbili. Wasanii wangu wengine wanafanya hivyo kila mwezi. Wanaandika chini, picha imechorwa kutokana na kazi ya fulani, wanakwenda zao kulala."

Karatasi moja, saini mbili. Nyumba ya dada yangu ni dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu.

"Si uliwahi kuniambia shemeji yako alikuwa mpiga picha wa gazeti?" akauliza. "Na yeye alikuwa nyuma ya goli siku ile?"

"Alikuwepo."

"Basi umepona. Mlete Alhamisi aseme mlikaa pamoja, na kwamba hakuna picha ya namna hiyo."

Nikaitikia. Mdomo wangu una tabia ya kuitikia kabla yangu.

* * *

Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka minane. Dada alipoposwa, alimwambia mchumba wake: "Ukinichukua mimi, unachukua na huyu." Shemeji akajibu: "Kitanda kipo." Hakuongeza neno jingine, na katika miaka yote niliyokaa kwake sikumsikia akilirudia lile.

Alasiri ile nilimkuta mahali pake, kwenye kiti cha dirishani, akifuta lenzi ya kamera kwa kitambaa laini. Lenzi hiyo haijafungwa kwenye kamera mwaka wa tatu sasa. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikaingia katikati. Walimpasua hospitali ya mbali, na upasuaji haukusaidia. Dada alikuwa anakunja nguo mezani.

"Hatua za Brashi hizo," akasema shemeji kabla sijabisha hodi. "Pita, shemeji. Umewabana mahakamani?"

"Tunawabana."

"Safi. Usiwaachie. Mtu hawezi kuchukua kazi ya mwenzake hivihivi tu."

Dada alikunja shati moja mara tatu. Hakunitazama.

"Shemeji, nina ombi," nikasema. "Wakili anataka mtu wa kusema Alhamisi kwamba siku ya fainali nilikuwa nawe. Nyuma ya goli."

Dada ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha puani.

"Siku ya fainali? Siku ya fainali ulikuwa kwenye kochi hilo hapo, homa imekupanda, unatapikia beseni langu jekundu. Mpira uliusikiliza redioni, na dakika ya mwisho yenyewe hukuisikia. Ulikuwa umelala mdomo wazi."

"Dada, ni maneno mawili matatu tu."

"Na wakimuuliza kama alipiga picha?"

Niliinua macho. Juu ya kichwa cha shemeji, kwenye msumari wake uleule, Sumaku alikuwa hewani ndani ya fremu nyeusi.

"Aseme hakupiga," nikasema.

Shemeji akaiweka lenzi dirishani taratibu, ikiangalia nje. "Mke wangu, hebu niteremshie hiyo picha."

Akaigeuza fremu mapajani, akakunja vibati vya nyuma kimoja kimoja, akaitoa karatasi. Mimi nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyenifundisha kwamba picha hushikwa kingoni, usiiguse usoni. Sasa akapitisha ncha za vidole katikati kabisa ya uso wa picha.

"Hapa pana mstari," akasema. "Na hapa, na hapa. Hapa mwingine umekatiza. Miraba. Ulitumia penseli ngumu, shemeji."

Nikakaa kwenye lile kochi langu la homa.

"Niliifuta," nikasema.

"Uliifuta weusi. Mifereji imebaki."

Nisikilizeni, maana sehemu hii sijamsimulia mtu. Niliitoa picha ile ukutani wiki waliyokwenda hospitali. Walikuwa wameniachia funguo niwaangalizie nyumba. Dada alikuwa anampigia simu kila mgonjwa wa zamani wa daktari aliyempasua mumewe kuuliza kama aliona tena, na mimi nilikuwa hapa mezani, na rula na penseli, naipiga miraba picha yake. Waliporudi niliwapokea mlangoni, nikamshika mkono shemeji na kumwelekeza kwenye kiti. Picha ilikuwa imeshapanda msumarini.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Wiki ileile tuliyorudi. Sikuwa na kingine cha kuangalia, nikawa naitoa hii kwenye fremu, naiangalia kwa vidole." Akapumua. "Nikasema, huyu atakuja mwenyewe aniambie. Nikangoja. Nikasikia umechora, umeuza, umeshitaki. Nikaendelea kungoja."

Dada alikuwa ameacha kukunja nguo. Na yeye, niliona, alikuwa anayasikia haya kwa mara ya kwanza.

Kwa kutafuta la kusema nikamweleza habari ya kidole. Jinsi Sumaku alivyoisifu barua yangu, jinsi alivyosema kidole kimehama mkono, jinsi watu walivyocheka. Shemeji naye akacheka, akacheka hadi akakohoa.

"Basi ni mimi!" akasema. "Gazeti siku ile lilichagua picha nyingine, nahodha na kikombe chake. Hii hawakuitaka. Nikajifungia chumba cha giza cha kusafishia picha nijitolee nakala moja ya nyumbani, na kwa haraka zangu nikaiweka filamu kinyume kwenye mashine ya kukuzia, nyuma yake mbele. Kulia kukawa kushoto. Niligundua baada ya wiki nzima. Sumaku ametupa mgongo, na namba yake ni moja, kijiti kilichosimama. Ukikigeuza kijiti kinabaki kijiti, nani angejua?"

"Na filamu yenyewe?"

"Paa la stoo ya gazeti lilivuja, zikaoza zote. Picha iliyokosewa hivi duniani ni hii moja. Na wewe, shemeji, ukasomba kila kitu, mpaka kosa langu."

Alisema bila hasira. Ningeshukuru sana angekuwa na hasira.

"Kwa hiyo hakimu akiiona hii," dada akasema, "kila kitu kiko wazi."

Picha ilikuwa mapajani pa mtu asiyeona, hatua mbili kutoka kwangu. Jikoni jiko lilikuwa linawaka, nilisikia maji yakitokota. Nimeahidi kuwaambia yote, basi na hili pia: niliwaza. Niliupima mwendo kutoka kochi hadi jiko. Nikaona mkono wa dada unashuka polepole na kutulia juu ya bega la mumewe, macho yake yakiwa kwangu. Alikuwa ameniona ninavyowaza.

"Miaka ishirini na sita," shemeji akasema, kama anayezungumza na dirisha. "Chini ya kila picha waliandika 'Picha na mpiga picha wetu'. Kila moja. Nilikuwa natamani moja tu yenye jina langu. Nilidhani ingekuwa hii."

"Kesi ikiisha, shemeji, nitaliandika. Naapa."

"Kesi ikiisha nitakuwa nimeapa kwamba sikuipiga. Utaliandikaje?"

Niliinuka kwenye kochi.

"Nitakuja Alhamisi," akasema.

"Kwa nini?" Dada ndiye aliyeuliza.

"Kwa sababu akifungwa huyu, utakayelia ni wewe."

Dada alinisindikiza mlangoni. Hakuniaga. Alisema tu, akiwa ameshika komeo: "Angekupa. Ungemwomba, angekupa palepale, na penseli angekuchongea. Yule kipa ulimwandikia barua."

* * *

Alhamisi walifika mapema. Shemeji alikuwa amevaa kizibao chake cha kazi, kile cha mifuko mingi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Dada alimshika kiwiko kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alikumbatia kitu bapa kilichofungwa ndani ya shuka, fundo juu.

"Hicho nini?" nikamnong'oneza.

"Changu."

"Dada, tafadhali."

"Nimesema changu. Nenda kakae."

Alikaa benchi la mbele, akakilaza magotini. Wakili wangu alikiangalia kile kitu, akaniangalia mimi, akainua nyusi. Nikajitia hamnazo.

Karani akamwongoza shemeji mpaka kizimbani. Kizimba chenyewe kina vidaraja viwili na mlango mwembamba, ikabidi wamgeuze mara mbili ndipo apate kusimama sawa. Akaapa. Sauti yake ilikuwa shwari.

Wakili wangu alianza.

"Mlalamikaji unamfahamu?"

"Nimemlea."

"Siku ya fainali ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya goli, karibu na nguzo. Nimepiga goti moja."

"Na mlalamikaji alikuwa wapi?"

Shemeji aliinua kidevu. Mtu huyu simjui kwa uongo. Nilipovunja kioo cha jirani nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyenipeleka kwa mkono nikaseme.

"Alikuwa karibu nami," akasema.

Nilishusha pumzi. Dada aliinamisha uso juu ya shuka lake, na mabega yake nikayaona yanashuka. Nilikuwa nimeshinda, na nilihisi kama nimemwibia mtu msibani.

Wakili wangu akakaa, ameridhika. Kijana mwembamba akainuka.

"Pole kwa macho, mzee wangu. Siku ile ulikuwa kazini?"

"Kazini."

"Na kamera yako?"

"Kipa haendi bila mikono."

Watu wakacheka kidogo. Kijana hakucheka.

"Ulipiga filamu ngapi?"

"Mbili."

"Na lile shuti la dakika ya mwisho, Sumaku yuko hewani, amekupa mgongo. Uko nyuma ya goli, umepiga goti, kamera iko mkononi. Ulilipiga?"

Wakili wangu aliruka. "Mheshimiwa, shahidi ameletwa kueleza mahali alipokaa mlalamikaji, basi."

"Swali ni halali," akasema hakimu. "Shahidi, jibu. Ulipiga picha ya tukio hili, au hukupiga?"

Feni ya darini ilizunguka ikilialia. Shemeji alishika mbao za kizimba kwa mikono miwili, nami nikaona ncha za vidole vyake zinapapasa, zinatafuta mifereji.

Kisha akageuza uso. Asubuhi nilikuwa nimemwambia kwamba nitakaa upande wake wa kulia, lakini walikuwa wamemgeuza mara mbili mlangoni, kulia kwake kumekuwa kushoto. Akaugeuza uso wote kwa Mzee Fulana, aliyekaa upande wa pili, akamtazama kwa upole uleule aliokuwa akinitazama nao nikirudi shule.

"Shemeji," akamwambia, "nijibu nini?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Fulana aliangalia nyuma yake, kisha akajishika kifua.

"Shahidi," akasema hakimu polepole, "unazungumza na nani?"

"Na shemeji yangu, Mheshimiwa. Si ndiye aliyekaa hapo?"

Hakukosea sana. Pale alipokuwa akiangalia alikaa mtu aliyechukua kazi ya mwenzake bila kuomba. Kumrekebisha ilinibidi nitoe sauti, na wakili wangu alikuwa ameshanikamata mkono wa shati, ananikandamiza chini, ananong'ona: "Usiinuke. Usithubutu kuinuka."

Benchi la mbele, dada alikuwa anahangaika na fundo la shuka. Analivuta, fundo halifunguki.

"Shemeji, mbona kimya?" akauliza tena, bado kwa Mzee Fulana. "Uko wapi?"

Nikainuka. Kishikizo cha shati kilibaki mkononi mwa wakili.

"Niko huku," nikasema.

Akageuka, akanitafuta kwa masikio, akanipata. Uso ukamchangamka kidogo, kama siku zote akisikia nimefika. Hakimu aliweka kalamu chini. Fundo la dada lilikuwa limefunguka, na pembe nyeusi ya fremu ilikuwa imeanza kuchungulia.

"Basi niambie," akasema shemeji. "Ile picha niliipiga, au sikuipiga?"